Siku Maji Yalipotuzuia Lindisfarne

Nilikwenda Uingereza kumwona mdogo wangu, si kutalii. Yeye aliolewa huko, mimi nikaletwa Sydney, Australia, pamoja na watoto wangu wawili. Hatukuwa tumeonana tangu tulipoagana kambini Kigoma, kambi ya wakimbizi tuliyokulia. Nilipoomba likizo kazini, kwenye nyumba ya wazee huku Bankstown, kitongoji cha Sydney, mzee mmoja ninayemhudumia alinishika mkono. Alizaliwa Northumberland, pwani ya kaskazini ya Uingereza.

"Usiende kukaa ndani ukila biskuti," aliniambia. "Mwambie mdogo wako akupeleke Lindisfarne."

Mdogo wangu alicheka nilipomtajia. Anaishi mwendo wa saa moja na nusu kutoka huko na alikuwa hajawahi kufika. Lakini Alhamisi ile alikuwa anaingia kazini saa nane mchana, jikoni hospitalini, basi tukaondoka mapema na gari lake dogo. Tulipita mashamba ya ngano na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, kondoo wamelala nyuma yake kujikinga na upepo. Nikamwomba apunguze mwendo.

"Dada, ni kondoo tu."

Akapunguza hata hivyo.

Lindisfarne huwa kisiwa kwa saa kadhaa tu. Maji yakipwa, barabara ya lami inajitokeza juu ya mchanga na magari yanapita. Yakijaa, barabara inazama. Kuna bango lenye saa za kuvuka salama. Mdogo wangu alilisoma mara mbili. "Saa tano na nusu tuwe tumeshatoka," akasema.

Kosa lilikuwa langu. Kwanza niliganda kwenye magofu ya nyumba ya watawa, mawe mekundu yaliyoliwa na upepo mpaka yamekuwa na mashimo kama sega la nyuki. Bado lilikuwapo tao moja jembamba, limesimama juu peke yake. Kisha nikaona mashua kuukuu zilizokatwa, zikapinduliwa na kuwekwa milango, wavuvi wakawekamo nyavu zao. Nikagusa lami nyeusi waliyozipaka. Kisha nikasikia sauti ng'ambo ya maji, kama akina mama wanaoomboleza msibani. Walikuwa sili, wanyama wanene wa baharini, mamia, wamejilaza kwenye fungu la mchanga. Nilisimama pale nikisikiliza huku mdogo wangu akinivuta mkono wa koti.

Tulipofika barabarani, lami ilikwenda hatua chache, ikaingia majini.

"Nilikwambia! Nilikwambia, dada!"

Akampigia simu msimamizi wake, akaomba radhi mara nyingi mno, akapata mtu wa kumshikia zamu. Halafu akajifungia garini. Nikamwacha. Nilitembea hadi kijijini nikanunua chai na mikate miwili iliyojazwa nyama ya kaa, nikarudi, nikagonga kioo.

Akanifungulia, tukarudisha gari upande wa kijiji, tukala kwenye majani, chini ya ngome iliyokaa juu ya jabali. Wageni wengi walikuwa wameondoka kwa wakati. Kisiwa kilitulia, ukasikia hata kondoo wakikata majani kwa meno.

"Unakumbuka vile vibali?" aliuliza ghafla. Kambini, hata kwenda soko la kijiji cha jirani ilibidi uombe kibali. "Tumezuiwa tena," akasema, akaanza kucheka, nami nikacheka mpaka chai ikanimwagikia.

Tulijilaza pale saa nyingi. Tulizungumza habari za mama, jinsi alivyougua, na nani alimwosha siku alipofariki. Mambo ambayo kwenye simu tulikuwa tunayapita haraka kila mmoja akihofia kumliza mwenzake. Tulilia kidogo. Maji yalikuwa ya kijani, kisha ya fedha, na mawingu yalipita juu yake kwa haraka. Sijui kama nimewahi kuona mahali pazuri kuliko pale. Alasiri barabara ilipojitokeza tena, ikiwa imefunikwa mwani, sisi ndio tuliokuwa wa mwisho kuwasha gari.

Niliporudi Bankstown, mzee alichukua simu yangu ili atazame picha, akakaa nayo mpaka chakula cha mchana. Sikumdai.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, niliwapeleka watoto wangu ufukwe wa La Perouse, karibu na bandari ya makontena. Nimeishi Sydney miaka tisa na pale nilikuwa napapita tu nikiwa kwenye basi. Upande mmoja winchi zilikuwa zinanyanyua makontena. Upande wa pili mawimbi yalikuwa yanapasuka kwenye miamba ya rangi ya asali. Binti yangu aliniuliza kwa Kiingereza tunaondoka saa ngapi.

"Tukae kwanza," nikamwambia, nikavua viatu.