Foleni ya Padri Kamba

Jumamosi saa tisa alasiri, ukipita nyuma ya kanisa, ungedhani kuna sukari inagawiwa bure. Foleni ilianzia mlangoni pa chumba cha maungamo, ikapita kisima, ikaishia kwenye ukuta wa jirani. Kumbe watu wamebeba dhambi zao tu, kila mmoja anangojea zamu yake.

Mwenye foleni alikuwa Padri Kamba. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini siku aliyofika na kanzu ya kahawia na kamba ya mafundo matatu kiunoni, watu walimbatiza upya, naye akaitika. Alikuwa mtawa wa kwanza wa shirika lake kukanyaga pale. Alikuja na gunia moja lenye kitabu cha misale, blanketi na msumeno. Kanisa alilijenga kwa mikono yake akisaidiwa na mwashi mmoja, na kwa kuwa padri alijua sala na mwashi alijua pombe, ukuta wa nyuma umeinama mpaka leo. Mwaka ule wa kwanza aliungamisha mtu mmoja tu. Ni mwashi, na dhambi yenyewe ni ukuta.

Ndiyo maana foleni ile ilikuwa fahari yake. Mtawa huapa kutomiliki kitu, na Padri Kamba hakumiliki hata soksi, lakini foleni ile, Mungu amsamehe, aliiona mali yake.

Kulikuwa na mwiba mmoja tu. Mama Mishumaa, mjane aliyetunza sakristia, chumba cha vyombo vya misa, na kujua kila tundu la kanzu ya padri, alikuwa na miaka tisa hajasimama kwenye foleni hiyo. Kila mwezi alipanda basi kwenda kuungama parokia ya mbali. Padri alijipa moyo kwamba mama wa watu anaona haya, maana wanafanya kazi pamoja. Hata hivyo ilimchoma.

Basi, mkubwa wa shirika akaja kutembelea. Mezani aliomba chumvi, akapewa maji. Akaomba tena, akabarikiwa. Wiki mbili baadaye alimleta mtaalamu wa masikio, na Padri Kamba akavalishwa kifaa cha kusikia, kidogo kama punje ya haragwe. Siku hiyohiyo akasikia mambo aliyoyasahau: ndala zake zinavyolalamika, mlango wa sakristia unavyolia, na kwaya inavyoimba. Kwa kwaya alisikitika kidogo.

Jumapili akatangaza altareni, uso umemkunjuka, kwamba sasa anamsikia hata anayenong'ona. Waumini walipiga makofi, yale ya adabu.

Jumamosi akaketi chumbani mwake. Saa tisa, hakuna mtu. Saa kumi akaingia bibi mmoja, akaungama kwamba hana dhambi, akatoka. Jumamosi ya pili alikuja mwashi, mzee sasa, akaungama ukuta. Jumamosi ya tatu aliingia kuku.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Padri akamfuata Mama Mishumaa sakristiani, akamkuta anakwangua nta kwenye vinara, akamuuliza amewakosea nini watu wake. Mama akajitia kutafuta kisu. Akajitia kufuta meza. Mwishowe akaketi.

"Padri, ulikuwa husikii. Miaka tisa hii."

"Na hamkuniambia?"

"Nani amwambie padri kwamba ni kiziwi? Halafu nani atake upone? Mtu anaingia, anayataja yote, anapewa Baba Yetu tatu na 'nenda kamwombe radhi mwenzi wako wa ndoa', anatoka mwepesi. Hata masista uliwaambia hivyohivyo."

Padri akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika kamba yake. Mama Mishumaa hakucheka.

"Mimi nilikuja kwako mume wangu ana mwezi mmoja kaburini," akasema. "Nilikwambia neno zito. Ukanituma nikamwombe radhi."

Kicheko kikakatika. Aliona aibu, aibu ya kweli, kuliko hata ya ule ukuta. Akachukua kinara kimoja akamsaidia kukwangua, mpaka vinara vyote vikaisha.

Jumapili akatangaza jambo jipya, na heri mkubwa wa shirika hakuwepo. Alisema mezani pa maungamo patakuwa na kisahani. Kifaa kitakaa humo. Anayetaka padri asikie, amsogezee. Anayeona haya, akiache palepale, aseme na Mungu, maana Mungu hatumii betri.

Jumamosi foleni ilirudi mpaka kisimani. Wengine waliingia, wakakitazama kisahani kama kina nge, wakakiacha. Mwashi alikisogeza, akaungama ukuta kwa sauti kubwa. Padri akamwambia ukuta umeshasamehewa miaka arobaini, sasa ataje pombe.

Jua lilipoanza kupungua nguvu akaingia mtu wa mwisho, mkoba wa safari bado begani. Basi lilikuwa limepita bila yeye. Mama Mishumaa akapiga magoti, akakisukuma kisahani kwa kidole hadi mkononi mwa padri.

"Kivae, Padri. Langu nataka lisikike."

Vidole vya mzee vilihangaika kulitafuta sikio. Kilipokaa sawa akainama karibu naye, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa hakuwa na jibu lililo tayari.