Sura ya Tatu kutoka Kushoto

Kwa miaka ishirini na miwili alikaa dirisha namba tatu la posta, akiuza stempu na kugonga mihuri, hadi wenzake wakambatiza Mama Gundi. Hakuchukia. Kilichomkosesha raha kilikuwa kimoja: kila gunia la barua lilipofika asubuhi, macho yake yalitangulia mikono, yakitafuta mwandiko wa binti yake.

Binti huyo, mtoto wake wa pekee, aliondoka na mpiga picha wa filamu ambaye mama hakumtaka. Siku hiyo walitupiana maneno mazito. "Kuigiza nako ni kazi? Utarudi hapa unalia," mama alisema. Binti akajibu kwamba hatarudi, si kwa kilio wala kwa kicheko.

Hata hivyo aliandika. Kadi moja kila baada ya miezi michache, mistari miwili mitatu. Aliposhinda tuzo ya taifa ya filamu na televisheni, mama alimwona kwenye runinga ya jirani, ameikumbatia sanamu ya tuzo kama mtoto mchanga. Akaanza barua ya pongezi, akaichana, akasema ataandika wiki ijayo. Kisha kadi zikakoma. Alipokuja kuandika kweli, barua zilirudi na alama ya "amehama". Mwaka wa kwanza aliwaambia watu kwamba mwanawe ana kazi nyingi. Wa pili akaacha kuwaambia.

Jumatatu moja mkuu wa ofisi alileta bahasha nene kutoka makao makuu: stempu za kumbukumbu, za kuadhimisha miaka ishirini na mitano ya tuzo hiyo. Karani wa dirisha la pili, mwanamke asiyejua kunong'ona, akafungua karatasi ya kwanza. Washindi kumi, sura kumi.

"Shoga, njoo! Huyu wa tatu kutoka kushoto si mwanao? Jamani, Mama Gundi, umezaa mtu wa kulambwa mgongo nchi nzima!"

Wakaangua kicheko. Mkuu wa ofisi akampa mkono. "Hongera, mama. Leo soda ni juu yako."

Alikuwa yeye kweli. Kidevu kile, na lile kovu dogo juu ya nyusi alilolipata kwa kuanguka ngazini. Mama akatabasamu kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama, lakini macho yake hayakuondoka kwenye karatasi. Wiki yake ya kwanza kazini, mwalimu wa mafunzo aliwakaririsha: ukimtoa mkuu wa nchi, mtu aliye hai hawekwi kwenye stempu. Wenzake nao walifundishwa hivyo wakasahau. Yeye hakuwa mtu wa kusahau jambo la kutisha.

Akaanza kuwapitia wengine mmoja mmoja. Mzee wa vichekesho alizikwa, redio ilitangaza. Mwongozaji mwenye miwani, gazeti lilitoa picha ya jeneza lake. Alitafuta mmoja tu aliye hai, mmoja angetosha. Akamfikia yule mama mnene wa mchezo wa Jumapili.

"Huyu si yupo?" aliuliza, akiigusa sura hiyo kwa kidole.

"Yupo wapi? Sukari ilimchukua mwaka juzi," alisema karani. Kisha akauona uso wa mwenzake, na mkono ukamwendea mdomoni. "Shoga... labda kanuni imebadilika. Siku hizi nini hakijabadilika?"

"Labda."

Akaweka kibao cha kufunga mbele ya foleni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku za homa, akaingia chumba cha magunia na kupiga simu idara ya stempu. Mwanamume mwenye sauti ya upole akapokea. Hakumwambia yeye ni nani. Aliogopa kwamba akijitaja atafichwa ukweli.

"Napiga kutoka kaunta. Wateja wanauliza habari za huyu wa tatu kutoka kushoto. Yu hai?"

"Hapana, dada. Kanuni si unaijua? Alifariki mwaka jana, mwezi wa nne, ughaibuni, hata redio haikutangaza. Mumewe ndiye aliyesaini ruhusa ya picha."

"Wazazi hawakuulizwa?"

Karatasi zikachakarika. "Hapa mume ameandika kwamba hakuwa na wazazi."

Akaegemea magunia. Nje, mtu alikuwa akigonga kioo cha dirisha lake kwa ufunguo.

"Alikufa kwa nini?"

"Fomu haina sehemu ya hilo."

"Na kaburi?"

"Hilo pia halimo. Dada, kwani unamfahamu?"

Akafumba macho. "Nisomee yaliyomo, baba. Polepole."

Mtu yule akasoma: jina la kwenye filamu, jina halisi, mchezo aliopatia tuzo, mwaka wa kuzaliwa.

"Mwaka huo sio," alisema. "Mmemzidishia miaka miwili. Alizaliwa Jumanne alfajiri, mvua inanyesha, akakataa kulia mpaka mkunga akampiga kofi. Chukua kalamu."

Ikasikika droo ikivutwa.

"Sema, mama," alisema mtu yule. "Naandika."