Mkulima kwenye Fomu za Babu

Babu, ambaye anaishi nasi Mkolani tangu alipoanza kuumwa, ni mkulima kwenye kila fomu ya hospitali. Fomu hizo nilizijaza mimi, maana mama anashinda kazini na mwandiko wangu unasomeka. Tukifika kwenye mstari wa kazi babu hakuwa anafikiri mara mbili. Niandike mkulima. Kwao Magu mwanaume wa rika lake atakujibu hivyo hata kama alistaafu ualimu. Shamba ndilo la mtu, mengine ni vibarua vya kupita.

Kibarua cha babu kilichukua zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa boila, akiyavisha mabomba kitambaa cheupe cha asbesto ili joto lisipotee. Nilipokuwa mdogo alinisimulia walivyokuwa wanabandua kilichochakaa kwa mikono, vumbi likawajaa mpaka kwenye kope, na wenzake wakataniana kwamba leo wake zao wasihangaike na mashine ya kusaga, unga umekuja wenyewe.

Kifua kilipoanza kumbana wakasema TB. Huku kwetu ukikohoa muda mrefu na maji yakajaa upande mmoja, hilo ndilo jina la kwanza. Makohozi hayakuonyesha kitu, lakini alimeza dawa miezi sita. Maji yalitolewa, yakarudi.

Katikati ya miezi hiyo daktari mmoja alimuuliza kama amewahi kufanya kazi kiwandani au mgodini. Babu akasema yeye ni wa pamba na mpunga. Daktari akaangalia fomu, akakuta mwandiko wangu, akafunua ukurasa unaofuata. Mimi nilikuwa pale pale, nimepakata bahasha ya eksirei. Nilijua. Ila hata darasani huwa najua jibu na sinyooshi mkono, sembuse kumsahihisha babu mbele ya watu aonekane mwongo.

Miezi minne baadaye shuleni walikuja kuondoa paa la zamani la asbesto. Fundi alitufukuza tusisogee, akasema lile vumbi mtu analivuta akiwa kijana na linamdai akiwa mzee. Wenzangu wakacheka na kukimbia. Mimi nilibaki nimesimama mpaka kengele ikalia. Sikuwa na wa kumwambia. Mama angeuliza kwa nini nilinyamaza.

Kliniki iliyofuata tulimkuta daktari mwanamke. Nikashindwa tena kusema, ila safari hii nilikuwa nimeandika kwenye karatasi ya daftari: alifanya kazi na asbesto miaka mingi, kiwanda cha pamba. Nikaisukuma juu ya meza. Akaisoma, akamuuliza babu kwa heshima. Babu alinigeukia, kisha akasema, "Aa, hicho kilikuwa kibarua tu."

Wakampiga picha nyingine ya kifua, wakakata kipande cha utando unaozunguka pafu wakakipima. Majibu yalichukua wiki kadhaa. Yalisema mesothelioma, saratani ya huo utando inayoletwa na vumbi la asbesto. Daktari alitueleza polepole, mama akiwepo. Aina ya seli zake ni ile yenye nafuu kidogo, hilo ni jema. Lakini imeshasambaa, umri umeenda, na amekonda mno kuhimili upasuaji. Kilichobaki ni dripu za dawa za kuipunguza kasi, na kumtoa maji akibanwa. Dawa zenyewe zinataka mwili wenye nguvu.

Mama alipotoka kufuata dawa nilijilazimisha kuuliza. Je, kama tungejua ile miezi ya mwanzo?

"Huu ugonjwa ulikuwa umeshakaa ndani siku nyingi," daktari alisema. "Kupona, sikudanganyi, hapana. Ila angezianza dripu akiwa na kilo zake."

Nilimshukuru. Nikaenda korido ya juu, ile inayoonyesha ziwa, nikakaa kwenye benchi na watu nisiowajua mpaka mama akanipigia simu.

Babu alikubali dripu. Ya kwanza aliimudu, akanitania kama babu anavyomtania mjukuu wa kike, kwamba mke wake mdogo amenuna, labda anaogopa kuachika. Ya pili ilimlaza, akawa hali kitu. Kabla ya ya tatu walimpima damu na uzito, wakasema dripu zisimame, mwili haubebi.

Jumamosi mchana tulikuwa wawili, mimi namlisha uji. Nikamwambia yote: kwamba nilijua tangu yule daktari wa kwanza, kwamba niliogopa kumwaibisha, kwamba labda zile dripu zingemkubali. Nilisema nikiangalia kikombe.

Alivuta pumzi mara kadhaa, siku hizi maneno yanamchosha.

"Ungesema siku ile ningekukana," akasema. "Ningemwambia daktari huyu mtoto ana ndoto za mchana. Na wangeniamini mimi."

Inawezekana ni kweli. Babu ni mbishi, kila mtu Magu anajua. Inawezekana pia alinihurumia. Nilitaka kumuuliza ni ipi, lakini alikuwa amefumba macho na kifua kinapanda upande mmoja tu. Uji ulikuwa umebaki nusu. Nikangoja aamke nimpashie moto.