Driver niliyoandika Migori ilimeza sauti ya dani wa Rusinga

Wakuu, salamu. Hii naandika vile ilitendeka, bila chumvi. Natamani ingekuwa uongo.

Mimi ni Mkuria, nina duka ya kurepair computer hapa Migori town. Kuchezea Linux ndiyo ugonjwa yangu.

Mwaka jana rafiki yangu Odhiambo, mwalimu kule Rusinga, alinipigia simu. Nyanya yake, wao humuita dani, ndiye pekee amebaki kwa boma yao anajua Kisuba. Wengine wote wanaongea Kijaluo. Odhiambo mwenyewe hajui hata kusalimia! Alitaka kumrekodi dani akisimulia mambo ya ukoo, na dani alikuwa mgonjwa, miguu imefura.

Alikuwa amenunua board mbili ndogo za computer, kila moja achomeke mic ya USB. Moja ya kurekodi, moja backup. Shida ni kwamba sauti ilikuwa inakatika-katika.

Akaniletea Migori. Kwa macho ni mapacha. Lakini chip inayosimamia USB ilikuwa version mbili tofauti, na driver, ile program inayounganisha computer na chip, ilizichukulia sawa. Ile mpya inataka isubiriwe kidogo kabla ya kupokea data; usipoisubiri kabisa, haishiki kitu. Ile ya zamani ukiisubirisha, inatupa data na hainung'uniki.

Fundi wa maana angefanya driver isome version kwa chip yenyewe, iamue. Kazi ya siku mbili. Mimi na ujuaji wangu nikaamua kuandika driver mbili, kila board na yake.

Odhiambo hakutaka kumwacha dani, so nikazipiga board alama, ya zamani na mpya, akarudi nazo, mimi nimtumie driver kwa simu. Akiondoka akacheka, "Omera, hizi ni mapacha. Ziite driver zao Opiyo na Odongo kufuata umri, tusichanganye."

Sasa, Mjaluo yeyote anajua Opiyo hutangulia kuzaliwa, Odongo anafuata. Lakini mimi nilisoma na mapacha wa hayo majina, na Odongo ndiye alikuwa jitu, anamtuma Opiyo maji. Kichwa yangu ikakata kauli Odongo ndiye wa kwanza. Driver ya board ya zamani nikaiita Odongo. Sikuuliza mtu.

Odhiambo akaweka Opiyo kwa ile ya zamani. Angefanya nini kingine?

Dani aliongea siku tatu. Alitaja mababu, akaimba nyimbo za matanga, akacheka peke yake mahali hakuna mwingine alielewa. Taa inawaka, file inakua. Hawakuwa na earphone. Mimi ndiye nilimwambia kwa simu, "File ikikua, jua inashika."

Akaja Migori tusikilize. Nikafungua ya kwanza, kimya. Backup, kimya. Data ilitupwa kabla ifike kwa disk, file ikakua na sufuri tupu, hakuna cha kuokoa.

"Yawa," akasema, akakaa. Kisha akaona kwa screen yangu driver ya zamani imeitwa Odongo. "Kwani kwenu Odongo huzaliwa kwanza?"

Hakunigombeza. Heri angenitusi.

Nikaandika driver moja inayosoma version yenyewe. Siku mbili, vile nilijua. Nikaijaribu mpaka nikaridhika, nikaenda nayo Rusinga mwenyewe.

Nilipata dani amepigwa na stroke juzi yake. Macho yanatufuata, mdomo hauwezi.

Odhiambo akasema tuwashe tu. Wakuu, ilishika kila kitu. Kuku nje, kitanda ikilia, Odhiambo akimwita, "Dani, dani." Pumzi yake, safi kabisa. Neno hakuna.

Tulimzika mwezi uliofuata. Hiyo file Odhiambo anayo, husikiliza.

Funzo ni hili: usiamulie driver hardware ni gani, iache iulize chip. Na wewe pia, kama hujui, uliza mwenye lugha. Ningeuliza swali moja tu!

Mnaotaka kunichapa, comment ziko wazi, nastahili. Lakini kama kuna mtu hapa ako na mzee nyumbani anaongea Kisuba, tafadhali aseme leo. Nitakuja.