Jina Langu Halitamkiki

Leo sokoni Oyugis nimeitwa jina ambalo hakuna mdomo unaoweza kulitamka!

Aliyeniita ni Akinyi, binti wa ndugu yangu, asiyesikia.

Miaka ya tisini, babake alitaka kumtoa shule ya viziwi kule Homa Bay.
"Wanarusha mikono tu! Ataongea lini?"

Nikaenda naye kama mkalimani. Mnanijua, hata ng'ombe wa kule Kegonga hunielewa.

Nikahutubia darasa kwa ishara nilizojibunia mwenyewe.
Watoto walicheka mpaka madirisha yakatetemeka!
Wakanipa jina lao la mikono: vidole vinagongana kama mdomo usiofungwa.
Akinyi akaandika ubaoni: "Baba mdogo anaongea sana."

Ndugu yangu akashtuka. "Kumbe anaandika? Na mimi wananiitaje?"

Mwalimu akamuuliza Akinyi kwa ishara.
Akinyi akapiga ngumi kwenye kiganja, akarudi ubaoni kueleza.
Ngumi ni mguu, kiganja ni sakafu. Nyumbani babake humwita hivyo: anapiga mguu chini, mtoto anahisi mtetemo, anageuka.


Jameni, ndugu yangu akapiga mguu sakafuni, polepole.
Akinyi akageuka, anacheka.

Tulirudi nyumbani bila yeye. Alibaki shuleni.

Wewe wangekupa jina gani?