Nilivyomwacha Kulwa Nje ya Kikosi

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuchagua wakimbizaji wa pikipiki, Meneja alinikabidhi saa ya michezo, kofia nyekundu na pikipiki zilizonguruma hadi kuku wa Bariadi nzima wakasahau kutaga. "Wewe umesoma shule ya jioni, hesabu unajua," alisema. "Toka kwenye mizani ya pamba, unichagulie vijana wa mashindano."

Ninyi mmekuta bodaboda kila kona. Wakati ule soko huria ndiyo kwanza limeingia, na kampuni za pamba zilikuwa zikigombea wakulima kama wachumba. Yetu ikajitangaza kwa timu ya mbio za pikipiki, vijana wakilipwa mshahara kabisa! Kikosi kilikuwa wawili wa kukimbia na mmoja wa akiba, yaani wa kuingia mwenzake asipokimbia. Kila kijana nilimkimbiza peke yake nyuma ya kiwanda, nikipima muda wa mzunguko: tangu avuke mstari mpaka aurudie.

Walionipa raha ni mapacha wa kijiji cha Dutwa, Kulwa na Doto. Kulwa alikuwa kipenzi cha watu. Akilaza pikipiki kwenye kona, goti lilichimba ardhi utadhani plau. Lakini saa ilisema Doto ndiye mwepesi zaidi. Nikawapanga wote wawili, nikalala najiona profesa.

Mashindano ya kwanza, Maswa: Kulwa wa tatu, Doto wa nne, amemganda kaka yake mgongoni mwanzo hadi mwisho. Ya pili, vilevile. Meneja akawaka.

"Huyo Doto wako ni mkia tu! Mtoe. Tukishindwa na hapa nyumbani, timu navunja, na wewe unarudi kwenye mizani!"

Nikamfuata Doto gereji. "Mwanangu, mbona hupiti? Nafasi si unaiona?"

Akanitazama kama nimemwambia ateme mate kanisani. "Mzee, nimpite Kulwa? Si ndiye aliyetangulia kuzaliwa? Nyumbani hata kunawa nasubiri anawe yeye kwanza."

Lo! Mimi Msukuma mzima, nimekua na mapacha mlango wa pili, nikasahau jambo hilo kwa sababu ya saa!

Nikarudi kwa Meneja. "Doto anabaki. Anayetoka ni Kulwa."

"Umelewa?"

"Bado, Bosi. Ni asubuhi."

Kulwa nilimwambia mwenyewe. Alivua kofia ngumu, akaniwekea mikononi, akaondoka bila kuaga. Yule wa akiba akashika nafasi yake.

Siku ya mbio Bariadi ilijaa hadi nzi wakakosa pa kutua. Doto alipaa! Akawapita wote, isipokuwa jamaa mmoja wa kampuni pinzani. Akafika nyuma yake, akaganda palepale. Mazoea! Mzunguko wa mwisho ukaingia, mizani ikaanza kuniita.

Ghafla kwenye kona ya mwisho mtu akapanda juu ya pipa la mafuta, anapunga shati. Kulwa!

"Doto! Huyo siyo kaka yako! Kaka yako niko hapa! Pita!"

Alipita kwa kasi ambayo vumbi lake, naapa, halijatulia mpaka leo.

Timu ilidumu, nami nikastaafu nikiwa mchaguzi. Saa ile bado ninayo, lakini tangu siku ile, kabla ya kupanga wawili pamoja, niliwakaribisha kwanza kula, nitazame nani anamsubiri nani. Mapacha bado huja kunisalimia, kila mmoja na pikipiki yake. Doto hutangulia kufika, siku zote. Kisha hukaa nje ya geti, injini imezimwa, akimsubiri Kulwa aingie kwanza.