Aliyeleta Saa ya Angani

Siku alipopanda juu ya paa la redio, direkta wetu, mkurugenzi mwenyewe, ndiye aliyemshikia ngazi. Nilisimama mlangoni mwa studio na kikombe changu cha chai, nikaangalia. Nilikuwa nimefanya kazi katika jengo lile la mtaa wa Manika tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni, na sikumbuki mtu yeyote kunishikia hata mlango. Yeye alikuwa amefika wiki hiyo tu kutoka Lubumbashi, binti ambaye ningeweza kuwa dada yake mkubwa kabisa, kavaa jinzi na viatu vya raba vyeupe. Kolwezi kiatu cheupe hakidumu, vumbi letu jekundu hukimaliza upesi. Vyake vilikuwa bado vyeupe, na hilo nalo liliniudhi.

Kitu alichokuwa akikifunga juu ya mabati kilikuwa kidogo na cheusi, hakizidi kopo la sardini, na waya wake ulishuka ukutani hadi kwenye chumba cha kompyuta. Kazi yake ni kupokea saa kutoka kwenye satelaiti. Kompyuta moja inaisikia, kisha inaziambia nyingine zote.

Kabla ya hapo, saa ya redio ilikuwa mimi. Nilifika kwa taksi-moto, pikipiki ya abiria, kabla ya alfajiri, nikawasha kompyuta moja baada ya nyingine, nikazirekebisha kwa kutazama saa yangu ya mkononi. Umeme ukikatika usiku, na hukatika mara nyingi, zile kuukuu ziliamka zikidhani tuko katika mwaka ambao baadhi ya watangazaji wetu walikuwa hawajamaliza shule. Betri ndogo iliyo ndani, ile inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa, ilikuwa imekufa zamani. Zile mpya hazikukosea sana, ila kila moja ilikosea kwa upande wake. Nikishamaliza kuzipanga, nilikaa mbele ya mikrofoni na kuutangazia mji saa, tena na tena, mpaka mabasi ya wafanyakazi wa migodi yalipoondoka kwenye mzunguko wa barabara.

Saa niliyoitangaza haikuwa ile niliyoiona mkononi. Ilikuwa mbele yake kwa dakika chache. Hilo nalazimika kulieleza.

Zamani mji huu uliamshwa na king'ora cha mgodi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi humo, na nyumbani kwetu bado wanasimulia jinsi king'ora kilivyolia mara mbili, kwanza kuinua miguu, halafu kufunga lango. Mtu mwenye akili hakungoja cha pili. King'ora kiliponyamaza, redio ikachukua nafasi ya kile cha kwanza. Mtangazaji aliyenifundisha kazi alikuwa amekula mshahara wa mgodi kabla ya kuingia studio, na yeye ndiye aliyeanza kuisogeza saa mbele kidogo ili anayeifuata asiachwe na basi. Aliniachia mikrofoni pamoja na onyo moja.

“Usiambie muntu, hata mu nyumba. Ukibaambia, batapunguza izi dakika mu kichwa, na bus itabaacha.”

Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Kwa miaka yote hiyo alinyoa, akavaa buti na kutoka nyumbani kwa kuifuata sauti yangu, na kamwe hakuachwa na basi la mgodi wa Mutoshi. Simu zipo, najua. Lakini anayenawa uso hana simu mkononi, ana masikio tu. Waliolinganisha saa yetu na simu zao walisema redio yetu ni ya kizamani, wakaendelea kuisikiliza.

Lawama zilitoka kwingine. Habari za Kinshasa, tunazozipokea na kuzirusha, ziliingia zikiwa zimekatwa kichwa, kwa sababu kompyuta ilifungua mlango kabla au baada ya wakati. Tangazo la mfanyabiashara mmoja lilikatiza sala. Direkta alichoka kuomba radhi, ndipo akamleta yule binti.

Alifanya kazi vizuri. Ninalisema hili kwa sababu niliangalia kila hatua nikitafuta kosa, wala sikuliona. Alibadilisha zile betri ndogo zote. Alizipanga mashine zitunze ndani yake saa ya dunia nzima, kisha akaiambia kila moja iongeze saa mbili kwa ajili yetu wa Lualaba na saa moja kwa ajili ya habari za Kinshasa. Alipomaliza akaniita, kwa jina la heshima tunalompa dada mkubwa.

“Yaya, kuya uone.”

Nikaenda. Akanionyesha kwenye kioo jinsi kompyuta iliyobaki nyuma haivutwi kwa nguvu. Mwendo wake huongezwa kidogo kidogo mpaka ifike, ili kazi zilizo ndani zisishtuke. Halafu saa iliyonyooka huandikwa kwenye ile saa ya ndani, ili hata umeme ukikatika, mashine iamke ikijua iko wapi. Aliniambia haya kwa Kiswahili cha nyumbani, bila Kifaransa cha kujionyesha. Nilielewa yote. Ndilo lililoniuma: alieleza vizuri.

Tangu siku hiyo kila kitu chake nilikiona mara mbili. Niliona direkta akiingia chumba cha kompyuta asubuhi kabla ya kuingia ofisini kwake. Niliona walinzi wakimwekea binti kiti kivulini. Alipocheka, watu wa studio walicheka pia, hata wale ambao hawakusikia alichosema. Nyumbani mume wangu aliniuliza habari zake wakati wa chakula, kama mtu anayeuliza matokeo ya mpira, na nilipomweleza kile kitu cha paani aliacha kula. Akasema kumbe Lubumbashi bado wanazaa watu wenye akili. Mimi nimezaliwa Kolwezi.

Halafu likaja la sauti. Kompyuta sasa ingeweza kutangaza saa yenyewe, ilihitaji tu kurekodiwa maneno. Ili kuijaribu, yule binti alisoma saa zote za mchana na usiku kwa sauti yake. Alisema ni ya kujaribia tu, mwenye sauti atakuja. Direkta akasikiliza, akafumba macho, akasema iachwe hivyo hivyo. Mimi nikapewa alasiri: misiba, kadi za uchaguzi zilizopotea, na mbuzi waliotoroka mtaa wa Kasulo.

Asubuhi ilikuwa yangu. Hakuna kazi nyingine niliyowahi kuipenda hivyo. Basi nikamfuata direkta, nikamweleza kwa mpangilio, kuanzia king'ora cha kwanza mpaka dakika zangu, na kwa nini watu wataachwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka.

“Mama, saa haina kabila. Ya Genève na ya Manika ni moya.”

Yule binti alikuwa pale pale akikunja waya. Hakucheka. Alinitazama tu. Niliona ni huruma, nikaichukia huruma hiyo kuliko kicheko cha direkta.

Jumatatu iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilikuwa kitandani asubuhi redio ikiwa inasema. Sauti yake ilijaa chumba changu cha kulala, tamu, haina haraka. Mume wangu alikuwa akinyoa. Nilihesabu mwendo wake kama ninavyoujua: ndevu, chai, buti, mlango. Nilijua kwamba kwa mwendo huo hatafika. Nikamwambia aondoke sasa hivi.

Akasema bado, redio imesema bado. Nikamwambia asisikilize redio, anisikilize mimi. Akageuka na povu lake shavuni, anacheka.

“Ile inatoka ku satelite, mama. Weye unatoka ku kitanda.”

Akanywa chai yake taratibu. Akafunga buti. Nikalala nikiangalia dari, nikiisikiliza ile sauti ikimdanganya kwa kusema kweli. Chai iliyobaki kwenye birika haijapoa alipofungua mlango tena, kakunja uso, kofia ya kazi kwapani. Basi lilikuwa limekwenda. Aliniambia wako wengi pale kwenye mzunguko, wanatazamana kama watu waliotoka kanisani wakakuta wamekosea dhehebu. Sikumwambia, “Si nilikuambia?” Niliona raha kubwa, nikaificha kwa kuosha vikombe.

Redioni simu zililia asubuhi nzima. Wenzangu walinisimulia baadaye, lakini mbili nilizisikia mwenyewe alasiri, katikati ya matangazo ya misiba. Mama mmoja wa Kasulo aliuliza kama nimefariki, maana saa ilisemwa na mtu mwingine. Na mwanamume mmoja, kwa upole kabisa, alinipa ujumbe.

“Mama, ambia ile satelite yenu ikuye tupande nayo bus.”

Siku mbili zilizofuata mambo yakawa yale yale. Watu hawakujua nini kimebadilika. Walijua tu kwamba miguu yao inafanya kama kawaida na basi halipo. Siku ya nne direkta akatuita sote wawili, mimi na binti. Niliingia nikiwa nimevaa kitenge changu kizuri. Nilitaka kumwona binti anaanguka, na nilitaka niwe nimevaa vizuri anapoanguka.

Direkta hakunitazama. Alimwambia binti kwamba mama hapa aliwahi kusema kitu juu ya dakika, na sasa ameelewa. Akamuuliza kama mashine zinaweza kusogezwa mbele kama mama alivyokuwa akifanya. Binti akajibu kwamba ni kazi ndogo, ni tarakimu moja tu ya kuandika.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani dakika zile ni zangu, zimo katika mwili wangu kama lafudhi. Kumbe na uongo wangu mashine ingeweza kuusema, tena bila kusahau, tena kwa sauti yake yeye. Alasiri na mbuzi zingekuwa zangu mpaka nizeeke.

Lakini binti hakuwa amemaliza. Alisema mashine zikisogezwa, habari za Kinshasa zitakatwa kichwa tena, na matangazo yatarudi kuingia ndani ya sala. Mashine zina saa moja tu, zote zinaitegemea, huwezi kuiambia ijue kweli hapa na ijifanye pale bila siku moja kuichanganya. Direkta akauliza sasa tufanye nini. Ndipo akanigeukia, si kwa huruma, kwa namna fundi anavyomtazama fundi.

“Saa ya mashini tuiache. Ya bantu, Yaya njo anaijua. Arudie asubui.”

Direkta akakubali mara moja. Sikuhitaji kusema neno, na hakuna aliyeningoja niseme. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nimeyapanga tangu Jumatatu kama ninavyopanga habari, kubwa juu, ndogo chini. Kile nilichokitaka kuliko kitu chochote nilipewa na mkono ule ule ulioninyang'anya, kama dada mdogo anavyokugawia kitenge chake anapoona wako umechakaa, na hata kukikataa huwezi kwa sababu ni kizuri.

Mlangoni aliniuliza kwa sauti ya chini dakika zenyewe ni ngapi, ajue tu. Nikamwambia hazina hesabu, inategemea mvua. Ni kweli, siku za matope miguu huchelewa. Akaitikia kwa kichwa polepole, akionekana kuvutiwa, na nikatamani ningemjibu vibaya.

Asubuhi iliyofuata nilikaa kwenye kiti changu. Juu ya kioo mbele yangu saa yake ilikwenda bila kukosea hata pumzi. Nami nikasema ile nyingine. Alikuwa amekuja mapema bila kuitwa, yuko upande wa pili wa dirisha la studio, anasikiliza. Nilitamka saa vizuri kuliko nilivyowahi kuitamka, na nilijua ninamtamkia nani.

Jioni mume wangu alirudi na vumbi la Mutoshi na furaha. Basi walilipata wote. Nilimwekea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akala, halafu akafuta mdomo.

“Ule mutoto wa Lubumbashi ni fundi. Siku ine tu, ametengeneza saa.”

Nilimkumbusha kwamba aliyetangaza leo ni mimi. Akasema alinisikia, sauti ilikuwa nzuri, lakini mimi si nasoma tu kwenye kioo? Ningeweza kumweleza. Ningemweleza dakika, na king'ora cha kwanza, na miaka yote aliyoongozwa na mkono wangu bila kujua. Ila mazungumzo hayo yangefika mpaka kwenye kile kikao cha ofisini kwa direkta, na hapo ningelazimika kutaja nani alinirudishia asubuhi. Na mume wangu, akishajua, angeanza kuzipunguza dakika kichwani.

Nikamwongezea sombe. Nikamwambia ndiyo, ni fundi.